Upendeleo wa kifikra na maamuzi mabaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Upendeleo wa kifikra ni nini hasa?

Ni kosa la kufikiri lenye upande. Mtu anayekadiria umbali kwa macho huweza kuzidisha leo na kupunguza kesho, na makosa ya namna hiyo mwishowe hufutana. Lakini watu mia moja wakiulizwa nyumba wanazojenga zitakamilika lini, na karibu wote wakataja tarehe ya mapema mno, hapo tunashughulika na kosa linaloelemea upande mmoja, kosa ambalo mtu wa nje angeweza kulitabiri kabla mjenzi hajanunua tofali la kwanza. Kwa kuwa linatabirika, linaweza pia kuwekewa kinga, na ndiyo maana linafaa kuchunguzwa.

Uchunguzi huo ulipata msukumo mkubwa kutoka kwa wanasaikolojia wawili wa Israeli, Amos Tversky na Daniel Kahneman, ambao mwaka 1974 walichapisha katika jarida la Science makala iliyoeleza njia za mkato ambazo akili huzitumia inapokadiria jambo isilolijua vizuri, na makosa yanayozifuata njia hizo. Kahneman alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996.

Je, tatizo hili si la watu wasiosoma?

Hapana, na wasomi wanaojibu ndiyo kwa haraka ndio wanaostahili kuangaliwa kwanza. Mwaka 2002 Emily Pronin na wenzake walionyesha kwamba watu wakielezwa aina mbalimbali za upendeleo huu, wengi husema wao wameathirika kidogo kuliko mtu wa kawaida, jambo ambalo kihesabu haliwezi kuwa kweli kwa wengi kwa pamoja. Utafiti mwingine wa mwaka 2012 haukukuta kwamba wenye alama za juu katika vipimo vya akili wana nafuu yoyote katika upofu huo. Elimu humsaidia mtu kujua mambo mengi, lakini humpa pia ufasaha wa kutetea uamuzi ambao tayari ameshaufanya kwa sababu nyingine kabisa.

Kwa nini akili ifanye kazi vibaya hivyo?

Mara nyingi haifanyi vibaya. Njia za mkato hutuwezesha kuvuka barabara, kumtambua mtu kwa sauti na kuchagua nyanya sokoni bila kufanya hesabu. Matatizo huanza pale njia hizo zinapotumika kwenye mambo yenye namba kubwa, muda mrefu au bahati nasibu, ambayo macho na masikio hayana uzoefu nayo.

Kwa nini bei ya kwanza kutajwa ina nguvu kiasi hicho?

Tversky na Kahneman walitumia gurudumu la namba lililotegeshwa lisimame kwenye 10 au 65 tu. Baada ya kulizungusha waliwauliza washiriki kama asilimia ya nchi za Afrika katika Umoja wa Mataifa ilikuwa juu au chini ya namba iliyotokea, kisha wakawataka wakadirie asilimia yenyewe. Kadirio la kati la walioonyeshwa 10 lilikuwa 25; la walioonyeshwa 65 lilikuwa 45. Gurudumu halijui lolote kuhusu Afrika wala Umoja wa Mataifa, na washiriki walijua hivyo, lakini namba yake iliwavuta.

Sasa tazama jinsi dalali wa viwanja anavyofanya kazi. Hataji bei kwenye simu. Anasubiri ufike, uoneshwe bikoni nne, usimame chini ya mwembe ulio pembeni na uanze kupanga kichwani mlango utaelekea wapi, ndipo anaposema, kwa sauti ya mtu anayekuonea huruma, "Mwenye mali anataka milioni 20, lakini mkizungumza vizuri atapunguza." Mnavutana mpaka milioni 14, mnapeana mikono, na unarudi nyumbani ukijipongeza kwa milioni 6 ulizookoa. Milioni 6 hizo zimetoka kinywani mwa dalali. Kama viwanja vya jirani vyenye ukubwa uleule viliuzwa kwa milioni 9, umezidishiwa milioni 5 na unamshukuru aliyekuzidishia.

Kinga yake haihitaji ujasiri wa kubishana. Uliza bei kwa majirani wawili watatu kabla ya kukutana na dalali, andika kiwango chako cha juu kwenye karatasi ukiwa bado nyumbani, na ukisikia bei iliyo mbali mno na kiwango hicho usiijibu kwa kuomba ipunguzwe. Taja ya kwako, iwe ndiyo mwanzo mpya wa mazungumzo.

Je, namna jambo linavyosemwa inaweza kubadilisha uamuzi hata kama hesabu ni ileile?

Ndiyo. Katika jaribio maarufu la mwaka 1981, watu waliambiwa kwamba ugonjwa unatishia kuua watu 600, wachague kati ya mipango miwili. Mpango wa kwanza ulipoelezwa kwamba "watu 200 wataokolewa", asilimia 72 waliuchagua badala ya ule wa kubahatisha. Kundi jingine lilipoambiwa kuhusu mpango huohuo kwamba "watu 400 watakufa", waliouchagua walikuwa asilimia 22 tu. Hasara hutuuma kuliko faida ya kiasi hichohicho inavyotufurahisha, na anayepanga maneno huamua ni upande upi utakaotuuma.

Wakopeshaji wanalielewa hili bila kusoma saikolojia. "Riba ni asilimia 10 tu" ni sentensi nyepesi. Lakini kama ni asilimia 10 kwa mwezi, basi kwa mwaka ni asilimia 120, hata kabla ya kuhesabu riba juu ya riba. Kabla ya kukopa, badilisha kila riba iwe ya mwaka, na kila ada iwe shilingi kamili zitakazotoka mfukoni.

Kuna mfano halisi unaoonyesha makosa haya yakifanya kazi pamoja?

Upo, na uko Kongwa, mkoani Dodoma: mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza. Wengi wameusoma shuleni kama habari ya ukoloni tu, nao kwa kweli ni somo kamili la jinsi watu werevu wenye fedha, mashine na nia njema wanavyoweza kuamua vibaya kwa hatua, kila hatua ikionekana ya busara siku hiyo.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kupikia baada ya vita. Frank Samuel wa kampuni ya United Africa alipendekeza karanga zilimwe kwa mashine Afrika Mashariki. Serikali ikatuma ujumbe mdogo ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, na baada ya wiki tisa ukapatikana mpango wa kufyeka zaidi ya ekari milioni 3, sehemu kubwa zikiwa Tanganyika, kwa gharama iliyokadiriwa kuwa takriban pauni milioni 25. Hapa kosa la kwanza, la kupanga kwa matumaini, lilikuwa tayari limeingia: makadirio yalijengwa kwa kufikiria kazi itakavyokwenda mambo yote yakienda sawa, badala ya kuuliza kazi za namna hiyo huwa zinachukua muda gani mahali pasipo na barabara, karakana wala maji ya kutosha.

Kosa la pili lilikuwa katika kuchagua ushahidi. Wagogo walikuwa wameishi katika ardhi ile kwa vizazi, wakitegemea mifugo, mtama na uwele, yaani mazao na mali inayovumilia mvua isiyotabirika. Namna yao ya kuishi ilikuwa taarifa ya hali ya hewa iliyokusanywa kwa muda mrefu kuliko kumbukumbu yoyote ya kipimo cha mvua iliyokuwapo, lakini kwa macho ya wapangaji ukosefu wa mashamba makubwa ulimaanisha kwamba ardhi ilikuwa ikisubiri watu wenye mashine. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na jua likiwaka hugeuka mgumu kiasi kwamba karanga zilizo ndani yake haziwezi kung'olewa. Wapangaji walilijua hilo wakati karanga zilikuwa tayari ardhini.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Mwisho wa mwaka 1947 zilikuwa zimefyekwa chini ya ekari 10,000. Matrekta yalikuwa mitumba ya vita, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya Sherman, na mizizi ya vichaka vya Kongwa iliyavunja upesi kuliko mafundi walivyoweza kuyatengeneza. Mtu yeyote ambaye hakuwa na chake katika mradi angeweza kusema siku hiyo kwamba makadirio yalikosewa mara kumi na zaidi, na kwamba hesabu yote ilipaswa kuanza upya. Badala yake malengo yalipunguzwa kidogo kidogo, fedha zikaendelea kutoka, na Waziri wa Chakula, John Strachey, akaendelea kuutetea mradi bungeni, kwa kuwa kila pauni iliyokwisha kutumika ilikuwa imegeuka sababu ya kutumia nyingine. Mradi uliachwa Januari 1951, na serikali ikafuta hasara ya takriban pauni milioni 36, zaidi ya makadirio ya mradi mzima ambao ungefyeka ekari zote zile.

Ninaona inafaa kusisitiza kwamba hapakuwa na mwizi katika habari hii. Tunapenda kueleza hasara kubwa kwa kumtafuta fisadi, na wakati mwingine yupo. Lakini maelezo hayo hutufanya tuamini kwamba watu waadilifu wakikabidhiwa kazi ileile kwa utaratibu uleule watapata matokeo tofauti.

Lakini kuacha katikati si kupoteza vyote ulivyoweka?

Ulivyoweka vimekwisha kwenda, ubaki au uondoke. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na kila Mswahili anaujua msemo huo. Bado mwenye gari ambalo injini yake imeshushwa mara mbili mwaka huu atasema hawezi kuliuza sasa "kwa sababu nimeshaligharamia sana". Mwaka 1985 Hal Arkes na Catherine Blumer walichapisha jaribio ambalo wanunuzi wa tiketi za msimu wa maonyesho ya jukwaani huko Ohio walipewa, bila mpangilio maalumu, tiketi za bei kamili au zenye punguzo. Waliolipa bei kamili walihudhuria zaidi katika miezi ya mwanzo, ingawa maonyesho yalikuwa yaleyale. Walichokuwa wakikifuata ni pesa zao.

Swali la kujiuliza ni hili: kama gari hili lingekuwa la mtu mwingine, likiwa katika hali hii hii, na mimi nina pesa za matengenezo mkononi, ningelinunua leo? Likijibika ndiyo, endelea kulitengeneza bila aibu, kwa maana kuvumilia si kosa kila mara. Likijibika hapana, fedha zilizotangulia hazina kura katika uamuzi huo.

Kwa nini mtu aliyekwisha kuamini jambo hashawishiki kwa ushahidi?

Kwa sababu hutafuta ule unaomuunga mkono, na kwa kawaida huupata. Mwaka 1960 Peter Wason wa London aliwapa wanafunzi namba 2, 4, 6 na kuwaambia zinafuata kanuni ambayo wangeigundua kwa kumpa mifano yao ya namba tatu tatu. Wengi walidhani kanuni ni kuongeza mbili, wakajaribu 8, 10, 12 au 20, 22, 24, wakaambiwa kila mara kwamba inafuata kanuni, wakatangaza jibu kwa uhakika. Kanuni ilikuwa namba zozote tatu zinazopanda. Kati ya washiriki 29 ni 6 tu waliopata kwa tamko lao la kwanza, kwa kuwa wachache ndio waliofikiria kujaribu mfano ambao, kwa dhana yao, ulipaswa kukataliwa.

Miradi ya kupanda pesa na kuvuna huishi kwa kosa hili. Tanzania iliona hivyo kwa DECI, mradi wa aina hiyo uliosimamishwa na serikali mwaka 2009: waliotangulia kujiunga walilipwa kweli, walionekana mtaani na pesa zao, na malipo yao yakawa ushahidi kwa jirani, ingawa malipo hayo yangetokea vilevile katika mradi halali na katika mradi unaowalipa wa jana kwa pesa za leo. Ushahidi unaofanana katika hali zote mbili hauwezi kuzitofautisha. Kinachotofautisha ni jibu la swali ambalo wanachama hawakupenda kuliuliza: faida hii inatoka kwenye biashara gani, na hesabu zake zilizokaguliwa ziko wapi?

Wafugaji wa kware nchini Kenya walipita njia inayofanana, ingawa wao hawakutapeliwa. Bei ya mayai ilipopanda mwaka 2013, kila aliyefuga alionyesha faida, na aliyetaka kufuga alikwenda kuwauliza haohao waliokuwa wakimuuzia vifaranga. Ilipofika mwaka 2014 mayai yalikuwa mengi na wanunuzi hawakuwapo.

Vipi kuhusu kubeti?

Hapa makosa mawili hushirikiana. La kwanza ni imani kwamba matokeo "yamechelewa" na sasa yanadaiwa: timu imefungwa mara tano, kwa hiyo ya sita lazima ishinde. Huko Monte Carlo, tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa ruleti, mchezo wa kubahatisha wa gurudumu lenye nafasi nyekundu na nyeusi, uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo, na wachezaji walipoteza fedha nyingi kwa kuweka dau kwenye nyekundu wakiamini zamu yake imefika. Gurudumu halina kumbukumbu.

La pili ni mkeka, yaani orodha ya mechi alizobetia mtu kwa pamoja, uliochanwa na timu moja. Mtu aliyechagua mechi kumi akapatia tisa huona amekaribia sana na kwamba ujuzi wake unakua. Tuseme kila chaguo lake lina nafasi ya asilimia 60, ambayo ni nzuri. Nafasi ya yote kumi kutoka pamoja ni chini ya 1 kati ya 100. Kukosa kwa timu moja hakumsogezi karibu na ushindi wa wiki ijayo hata kidogo.

Kwa nini tunaogopa yasiyotudhuru sana na kuyapuuza yanayotudhuru?

Akili hupima hatari kwa urahisi wa kuikumbuka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, Wamarekani wengi waliacha ndege wakasafiri kwa magari, na Gerd Gigerenzer alikadiria kwamba vifo vya ziada barabarani katika miezi 12 iliyofuata vilifika takriban 1,500. Kwetu Afrika, ambako kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani kiwango cha vifo vya ajali za barabarani kwa idadi ya watu ni cha juu kuliko kanda nyingine, utamkuta abiria anayetetemeka ndege ikipaa lakini anamhimiza dereva wa basi akanyage mafuta.

Je, kuyajua haya kunatosha kunikinga?

Kwa sehemu kubwa, hapana. Ujuzi huu hutumika kwa wepesi dhidi ya makosa ya wengine na kwa shida dhidi ya yetu. Kinachosaidia ni utaratibu uliowekwa kabla ya jambo, ambao haumtegemei mtu kuwa macho saa ile.

Mfano ulio bora ninaoujua umetoka hospitalini. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo mengine makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Maswali yaliyomo ni ya kawaida kabisa, kama vile mgonjwa huyu ni nani na tunapasua wapi. Kila daktari bingwa anaamini hawezi kukosea mambo hayo, na imani hiyo ndiyo inayofanya orodha ihitajike.

Kwa vikundi, vikiwamo VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) na kamati za harusi, jaribu pendekezo la mwanasaikolojia Gary Klein: kabla ya kupitisha mpango, kila mjumbe aambiwe afikirie kwamba mwaka mmoja umepita na mpango umeanguka vibaya, kisha aandike kimyakimya sababu za kuanguka kwake. Kikao ambacho hakuna mtu angethubutu kumpinga mwenyekiti hutoa kurasa nzima za upinzani, maana sasa hakuna anayepinga. Kila mmoja anajibu swali aliloulizwa.

Je, tafiti hizi zote zimethibitika?

Si zote. Baadhi ya matokeo ya saikolojia yaliyovuma hayakurudi yalipojaribiwa upya, ingawa athari ya namba ya kwanza kutajwa ilirudi kwa nguvu katika jaribio kubwa lililofanywa na maabara nyingi na kuchapishwa mwaka 2014. Gigerenzer naye amepinga kwa muda mrefu tabia ya kuita kila njia ya mkato kosa. Tena sehemu kubwa ya washiriki wamekuwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya, kwa hiyo ukubwa wa kila athari kwa mkulima wa Mbozi au mfanyabiashara wa Gikomba haufai kunakiliwa moja kwa moja kutoka kwao.

Ndugu yangu ameshaingiza akiba yake katika mradi ninaoutilia shaka. Nimwambie nini?

Usianze kwa kumthibitishia kwamba amekosea, hasa mbele ya watu, kwa sababu atautetea mradi ili ajitetee mwenyewe, na akitoka hapo atakuwa ameuamini zaidi. Mkiwa wawili tu, muulize kwa heshima anayostahili kama kaka, dada au mzazi: "Ukiona nini utajua kwamba mambo si mazuri?" Mwache ataje mwenyewe, iwe ni malipo kuchelewa wiki mbili, ofisi kuhama au masharti ya kutoa pesa kubadilika. Muombe aandike hayo pamoja na tarehe, na mkubaliane kwamba mpaka tarehe hiyo hataongeza kiasi kingine. Kisha muombe ajaribu kutoa sehemu ya pesa zake wiki hii, hata kama hazihitaji.